Simu Ambayo Hukuipiga

Baba Thierry,

Nakuita hivyo kwa sababu sina namna nyingine ya kukuita. Tangu mtoto wetu azaliwe sijatumia jina lako la ubatizo, na nikilitumia leo nitahisi namwandikia mtu mwingine. Barua hii najua itakufikia. Gaspard, kaka yako, atakutumia huko Ubelgiji asubuhi ile ile itakapotoka gazetini.

Nimeandika habari za nyumba za watu kwa muda mrefu. Ya kwangu sijawahi kuigusa. Naigusa leo kwa sababu ya kikazi. Katika chumba chetu cha habari kuna utaratibu ambao hata mhariri mkuu haukwepi: kosa husahihishwa pale pale lilipotokea. Likitoka ukurasa wa kwanza, sahihisho haliwezi kwenda kujificha chini ya matangazo ya nyumba za kupanga. Likisemwa hewani, linasahihishwa hewani. Wewe ulisema mbele ya watu, kwa kipaza sauti, na watu wakaenda nayo majumbani mwao. Nilikuomba usahihishe mbele ya watu wale wale. Hukutaka. Basi nasahihisha mimi, kwa kipaza sauti nilicho nacho.

Nianze na jambo zuri, maana lilikuwepo.

Unakumbuka tulipohamia Kigali kutoka Bujumbura? Tulikuwa watoto wa wakimbizi Wanyarwanda, tuliokulia kule mtaa wa Buyenzi, kati ya mafundi magari na wauza vitenge, na Kinyarwanda chetu kilikuwa kinachekwa sokoni. Tulipanga chumba mtaa wa Biryogo, karibu na mama yako. Mimi nikapata nafasi ya mafunzo redioni. Nilikuwa stajieri, neno ambalo siku hizi kila mzazi wa mji huu analijua: uko kazini, lakini kazi si yako bado. Walinipa kubeba kaseti, na baada ya muda wakaniachia kusoma bei za sokoni. Siku ya kwanza niliposoma, ulichukua redio ya mama yako, ukaiweka dirishani upande wa njia, ukafungua sauti mpaka mwisho. Fundi cherehani wa ng'ambo akakuuliza, "Papa, kwani iko mechi?" Ukamjibu, "Nyamaza, bwana. Mke yangu anasema."

Ulisikiliza bei ya viazi kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani. Niliporudi ulinirudia bei zote, ukakosea ya mchele tu. Nilikucheka, na wewe ukacheka. Nafasi ile hukunipatia wewe, na haikukupitia akilini kusema umenipatia. Ulijivuna na ikatosha. Nataka wasomaji wajue kwamba ulikuwa unaweza.

Kisha ulisafiri. Thierry alikuwa bado shule ya msingi. Ulisema unakwenda kusoma, na pengine ulisoma. Sijawahi kujua, kwa kuwa hujawahi kusema unafanya nini huko. Sikuandikii kwa ajili ya hilo. Watu wengi waliondoka mji huu kwa sababu nzuri na kwa sababu mbaya, na simu zako za Jumapili hazikukatika kabisa. Mtoto alikua, akaenda chuo kikuu, akasomea upimaji ardhi. Ulipoambiwa, ulimuuliza kama ni kozi yenye kazi. Akakujibu kwamba mji mzima unapimwa upya, kila ukuta una mtu anayeugombania. Ulifurahi.

Alipokuwa anamaliza chuo akaona tangazo la kampuni moja ya upimaji yenye ofisi Kimihurura. Walikuwa wanataka vijana wachache wa mafunzo kazini, na mwisho wa mafunzo mmoja wao abaki na ajira. Akaomba. Wakafanya mtihani wa kuandika, karatasi ikiwa na namba badala ya jina. Kisha usaili. Akapita. Alikuja kunipa habari ofisini kwangu, nikiwa katikati ya kazi, akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nikamaliza sentensi niliyokuwa ninaandika. Amenizoea. Kisha akasema, "Mama, wamenichukua." Nikasema, "Vizuri." Tukatoka kununua mandazi.

Umeniambia mara nyingi kwamba sina furaha ya mama. Ninayo. Lakini nimeripoti mahafali mengi kuliko uwezavyo kuhesabu, na nimewaona wazazi. Nikimuuliza mzazi mtoto wake amesomea nini, wengi hawajui. Wanajua tu yuko wapi sasa: yuko benki, yuko mradi, yuko kwa wazungu. Kijana akipewa kitambulisho cha kuvaa shingoni, picha ya kile kitambulisho inakuwa kwenye simu ya shangazi yake Rubavu kabla hajaoneshwa choo kiko wapi. Thierry akitoka ofisini alikuwa anavua chake, anakitia mfukoni. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Si changu bado." Nilipenda jibu hilo, nikamwacha.

Mama yako ndiye aliyetaka sherehe. Sikupinga. Mjukuu wake wa kwanza kuingia ofisi yenye lifti, bibi ana haki ya kuita majirani. Ua wake pale Biryogo ukafagiliwa, viti vya plastiki vikakodishwa, mishikaki ikachomwa, Fanta zikapangwa. Gaspard akashika kipaza sauti kama anavyoshika kila mara, hata kwenye msiba. Unajua kwetu hakuna mkusanyiko bila hotuba. Kila mwenye cheo katika ukoo anapewa neno, kwa zamu, na asiyepewa hununa. Akasema mjomba, akasema jirani, nikasema mimi, maneno machache. Kisha Gaspard akatangaza, "Sasa tunamupa neno baba mzazi." Watu wakageuka kuangalia mlangoni. Yeye akatoa simu mfukoni, akaiweka mdomoni mwa kipaza sauti, kikapiga mluzi mpaka watoto wakaziba masikio, na sauti yako ikajaa uani.

Nilikuwa na kalamu mkononi, mazoea ya kazi, kwa hiyo maneno yako ninayo kama yalivyotoka.

"Jamaa zangu, niko mbali, lakini mukono yangu ni mrefu. Thierry, usifikiri mlango inajifungua yenyewe. Ile kazi, mimi nilimupigia Faustin. Muko na kumbuka Faustin, tulisoma naye, iko na hisa kule kampuni. Nilimwambia, huyo ni mutoto yangu, mupokee. Akasema hakuna shida."

Watu walipiga makofi, na makofi yale yalikuwa ya kweli. Mama yako akapiga vigelegele, akasema kwa sauti, "Huyo ndiye baba." Gaspard akainamia simu kana kwamba unamwona. Kisha Mama Diane akasimama. Mama Diane ni jirani wa mama yako, yule mwenye duka la vifungo na nyuzi, na binti yake Diane alikuwa stajieri katika kampuni ile ile, na yeye kwa mtihani ule ule. Akasema, "Papa Thierry, na Diane yangu, umukumbuke na yeye."

Nawe ukajibu, "Nitaona, Mama Diane. Nitaona."

Gaspard akasema, "Mama Diane, panga foleni. Hata mimi nina watoto nyumbani." Watu wakacheka sana.

Aliyefuata kupewa neno ni Thierry. Alikuwa amejiandaa, nilimsikia asubuhi akijisemea bafuni. Alishika kipaza sauti, akasema, "Nawashukuru kwa kuja," akaketi. Gaspard alidhani ni haya.

Tulirudi kwa miguu. Njiani akaniuliza, "Mama, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Habari ya simu."

"Hapana."

Tukapita msikiti, tukapita mafundi viatu. Akasema, "Basi sikupita."

"Ulifanya mtihani, Thierry."

"Niliufanya. Sijui tena kama waliusahihisha."

Nataka nikutendee haki, kwa hiyo nitaeleza ulichokuwa unadhani unafanya. Wewe na mimi tulilelewa na watu ambao hawakupata kitu chochote bila kujuana na mtu. Nafasi ya shule ilikuwa kwa kujuana, karatasi za ukaazi vivyo hivyo, hata kitanda cha hospitali. Buyenzi, baba asiyekuwa na mtu wa kumpigia hodi alihesabiwa nusu ya baba. Kwa hiyo wageni wa rika letu, uani kwa mama yako, walisikia sifa: kumbe Baba Thierry bado ana watu. Vijana walisikia kitu kingine. Hawa wameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba hapa kazi inatangazwa, inaombwa, inafanyiwa mtihani, na kwamba kubebwa ni aibu na ni kosa. Kama mambo huenda hivyo kila mara, mimi ni mwandishi wa habari, usiniulize. Lakini Thierry aliamini. Aliposoma mpaka macho yakawa mekundu, alisoma kwa sababu ya imani hiyo. Ukaichukua kwa sentensi chache, na watu wakapiga makofi.

Mama Diane alirudi nyumbani na habari njema. Akamwambia binti yake atulie, Baba Thierry atapiga simu kwa ajili yake pia. Diane hakutulia. Jumatatu alikwenda kwa ofisa utumishi akamwambia kwamba kuna nafasi zinagawiwa kwa simu, na kwamba hata yeye ameahidiwa yake. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Kusema kweli, ningekuwa mimi wa kazini na familia ile si yangu, ningeiandika habari hiyo, na ningeandika vizuri.

Thierry akaitwa. Ofisa alikuwa mama mpole, hakumshutumu, alimuuliza tu: baba yako alimpigia mtu kuhusu nafasi hii? Hapo kijana wako angeweza kusema hapana, mambo yakaisha. Alisema, "Sijui." Hakujua, kwa hiyo alisema hajui. Hilo la kutoweza kusema asichokijua nadhani limetoka kwangu, na lilimgharimu. Wakamwambia tathmini yake itasimama mpaka wapate ukweli.

Nikaanza kuutafuta. Nilikupigia. Nilikuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote: ulimpigia lini, kwa namba ipi, alijibu nini. Ukacheka.

"Mama Thierry, unanifanyia intavyuu?"

"Ndiyo."

"Basi andika kwamba nilipiga."

"Ulimpigia lini?"

"Nilipiga. Mambo ya lini, ya saa ngapi, hayo ni ya polisi."

Nikaenda kwa Faustin mwenyewe, Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Mlinzi alinisimamisha getini kwa muda, kisha mzee akatoka na kandambili kunipokea. Amenenepa, lakini sauti ni ile ile. Nilimtajia jina lako.

"Yule golikipa wa Buyenzi?"

"Huyo."

"Kumbe iko hai." Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mara ya mwisho nimesikia sauti ya yule mutu, tulikuwa bado na nywele."

Nikamuuliza kama ulimpigia kuhusu mtoto. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ulituma mtu. Hapana. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akanipa simu yake mkononi, akasema niangalie mwenyewe, na nikaangalia, maana ndiyo kazi yangu. Kisha akaniambia la mwisho: alishauza hisa zake katika kampuni ile. "Angenipigia, ningefurahi kumusikia. Lakini ningemsaidia nini? Siku hizi kule hata mulinzi hanijui."

Nilikupigia tena nikiwa barabarani, nikakusomea majibu yake. Hukucheka. Ukasema maneno ambayo nimeyageuza kichwani mara nyingi kuliko maneno ya waziri yeyote niliyewahi kumhoji.

"Nilitaka kupiga. Namba yake nilikuwa nimeitafuta. Kisha nikasikia mutoto amepata. Tofauti iko wapi?"

Nikasimama kando ya barabara, nikayaandika.

Ukaendelea, "Sasa siku ile wananipa neno, baba mzazi, watu wote wanasikiliza. Niseme nini? Niseme hongera kama jirani?"

Hapo nilikuelewa. Usichanganye na kusamehe. Nilielewa kwamba mzazi aliyekuwa mbali, akipewa kipaza sauti siku ya mtoto wake, anatafuta kitu alichokifanya. Akikosa, anakitengeneza. Wewe ulitengeneza simu.

Nilidhani mambo yamekwisha. Ushahidi ninao, shahidi yuko hai, ana adabu zake. Faustin hata alijitolea: mkurugenzi wa ile kampuni bado anamfahamu, atampigia amweleze kwamba hakupigiwa na mtu. Nikampelekea Thierry habari hiyo kama mtu anayempelekea mgonjwa dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, akipiga, ndio atakuwa amenipigia kweli."

Nimekaa kazini miaka mingi na sikuliona. Njia pekee ya kuthibitisha kwamba hakuna mkubwa aliyempigia simu mkurugenzi kwa ajili ya mtoto wetu, ilikuwa mkubwa ampigie simu mkurugenzi kwa ajili ya mtoto wetu.

"Basi niende mimi," nikasema.

"Uende kama nani? Mwandishi wa habari anaingia ofisini kuuliza kwa nini mtoto wake hajapewa kazi?" Alisema polepole, bila hasira. "Hiyo ni mbaya kuliko simu."

"Basi baba yako aseme mwenyewe. Aandike kwamba alidanganya."

"Atasema?"

Nilikuomba. Sikutaka uwaandikie kampuni. Nilitaka uweke sauti yako kwenye lile kundi la ukoo la WhatsApp, ambako Mama Diane naye yumo siku hizi, useme kwamba simu haikuwepo. Diane angesikia, angekwenda kusema alichosikia, na aliyeleta shaka ndiye angeiondoa. Maneno machache tu. Uliandika hivi, nimehifadhi: "Familia, mambo ya Thierry tuyaachie Mungu, yeye ndiye anafungua milango." Shangazi zako wakajibu amina, mmoja baada ya mwingine. Gaspard akaweka mikono inayoomba.

Mungu hakuhusika kwenye hotuba yako uani. Ulikuja kumtaja ilipofika zamu ya kuifuta.

Sasa nikuambie jambo ambalo hulijui, na ambalo limenifanya niwe mkali kuliko nilivyokusudia nilipoanza kuandika.

Jumamosi moja baada ya umuganda, usafi wa pamoja wa mtaa, tukiwa tunaosha majembe mlangoni, nilimuuliza Thierry walimuuliza nini siku ya usaili. Sijui kwa nini nilikuwa sijauliza. Akasema waliuliza mambo ya mashine na hesabu, kisha mwishoni mzee mmoja wa jopo akamuuliza kwa nini alichagua kupima ardhi. Akawaeleza habari ya kamba.

Wewe unaikumbuka? Majirani wawili wa mama yako waligombana kuhusu ua, mwenye ukuta mpya na mwenye choo cha zamani, na ugomvi ulikuwa umefika kwenye mapanga ya maneno. Ulichukua kamba ya kuanikia nguo, ukaifunga mafundo, kila fundo urefu wa mkono wako. Ukampa Thierry ncha moja ashike. Alikuwa mdogo, kaptula inamshuka. Ulimwambia, "Usiachilie, na usivute. Ukivuta, unamwibia mmoja. Ukilegeza, unamwibia mwingine." Mkapima ua mzima mbele ya wale wazee wawili, na walipoona mtoto anashika kamba kwa makini namna ile, wakaona haya kuendelea kutukanana. Baada ya hapo, Jumapili mkitoka misa, mlikuwa mnapima njia zote za Biryogo kwa kamba ile, na majirani wakiwatania, "Papa Thierry, serikali inakulipa?"

Hiyo ndiyo habari aliyowaambia. Yule mzee wa jopo alimwomba arudie yale maneno ya kuvuta na kulegeza, akayaandika. Thierry anaamini ndipo alipopitia. Mimi sina njia ya kuthibitisha, kwa hiyo naandika kwamba anaamini, basi.

Unaona, Baba Thierry. Ulipoona huna la kusema uani kwa mama yako, ulikuwa nalo. Ungesema kamba. Wazee wale bado wako hai, mmoja alikuwa ameketi karibu na jiko la mishikaki. Wangecheka, wangeshuhudia, na mtoto angesimama na kusoma hotuba yake. Kulikuwa na kitu kimoja ulichomfanyia ambacho hakuna mtu mwingine duniani aliyemfanyia, na ulikuwa umekisahau. Ukachagua cha uongo kwa sababu kilikuwa na jina la mtu mwenye nyumba Nyarutarama.

Mafunzo yakaisha. Wote wawili, Thierry na Diane, hawakuchukuliwa. Alibaki kijana mwingine, na nasikia ni mpimaji mzuri. Kampuni ilisema kwa upole kwamba inalinda jina lake. Siitaji kwa jina, na siilaumu sana. Mama Diane hasemi na mama yako. Yeye anaamini kwamba ulimpigia Faustin kwa ajili ya mtoto wako ukamsahau wa kwake, na kwamba ndiyo maana mambo yakaharibika. Diane namwona wakati mwingine kwenye kituo cha basi. Tunasalimiana kama watu waliogongana kwenye ajali moja.

Thierry amepata kazi. Ameniruhusu kuandika hilo na si zaidi. Aliomba peke yake, alifanya mtihani peke yake, na siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi begani akasema, "Mama, usimwambie mtu niliko."

"Hata bibi yako?"

"Yeye hasa."

"Na baba yako?"

Akaangalia kiatu chake. "Akijua, atawaambia watu kwamba ni yeye."

Kwa hiyo ndivyo ulivyotuacha. Kijana ana kazi yake ya kwanza, ya haki, na anaificha kama wengine wanavyoficha wizi. Na mimi niliyeamka naye alfajiri za mitihani, nikipita kwa majirani wanaoonesha picha za watoto wao wenye vitambulisho shingoni, natazama picha, nasema hongera, naendelea na safari. Wanadhani nina wivu. Mmoja amenishauri nimwombee Thierry kwenye sala za novena.

Wiki chache zilizopita, kabla sijapewa ruhusa hii ndogo, nilipita kwa mama yako kumpelekea dawa za presha. Akaniuliza mjukuu wake anafanya nini siku hizi, mbona haonekani. Nikamwambia bado anatafuta. Ndivyo nilivyoelekezwa kusema. Akanishika mkono, akanikalisha, akaniambia kwa huruma ya kweli, kama mtu mwenye dawa mfukoni:

"Mama Thierry, usihangaike. Nitamwambia baba yake apige simu."

Atakuwa ameshakuambia, au atakuambia Jumapili. Nakuomba neno moja tu, na silitaki kwenye kundi wala kwenye kipaza sauti. Safari hii usimpigie mtu. Hilo najua unaliweza.

Ubaki na afya,

Mama Thierry
Kigali